Barua ya Wazi: Mji Uliozaliwa Mwaka 1892 na Sheria Inayoishia Mwaka 1863

Mwanza

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya mipango miji, vibali vya ujenzi na mambo ya kale katika Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria

YAH: MICHORO YA MAJENGO YA ZAMANI INAYOOZA STOO, NA MAJENGO YANAYOBOMOLEWA BILA KUCHORWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchora ramani mstaafu. Kwa miaka 34 nimekuwa nikipima na kuchora majengo ya zamani ya mji huu na ya vijiji vya mwambao, kwanza kwa ajira, na baada ya kustaafu kwa hiari na kwa pensheni yangu. Nimeandika barua 4 kwa ofisi inayohusika na jambo ninaloleta hapa. Zote zilipokelewa masijala na kugongwa mhuri, na nakala zake ninazo. Kwa barua ya kwanza niliambiwa kwa mdomo kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Kwa ya pili niliambiwa faili limepanda juu. Kwa ya tatu na ya nne sikuambiwa neno. Sikuwahi kutukanwa wala kufukuzwa. Vijana wa mapokezi walinikaribisha kwa adabu, wakanipa kiti, na wengine wao nawafahamu wazazi wao. Lakini katika muda huo wa kukaa kwenye kiti hicho, majengo 3 kati ya yale niliyoyaorodhesha yamebomolewa. Ndiyo sababu leo naandika mbele ya watu wote. Sitaitaja ofisi wala afisa yeyote kwa jina, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu bali kupata jibu.

Naomba kwanza mnivumilie nieleze kazi yenyewe, maana katika miaka yote hii nimeona kwamba hata watu wasomi wanadhani ni kupiga picha na kuzipanga kwenye albamu. Hakuna chumba cha zamani chenye pembe mraba kamili, kwa hiyo unapima kuta zote nne pamoja na mishazari yote miwili, ndipo umbo la kweli la chumba linapojitokeza kwenye karatasi. Unadondosha timazi ujue ukuta umeinama kiasi gani na kuelekea wapi. Unapanda juu ya dari, katikati ya vumbi na mavi ya popo, uhesabu kenchi na uone kama boriti zilipasuliwa kwa msumeno wa mkono au wa mashine. Mahali pasipoonekana unakwangua kidogo kwa ncha ya kisu ili ujue mawe yameshikanishwa kwa udongo, kwa chokaa au kwa saruji. Ramani ya sakafu inachorwa kwa skeli ya 1:50, sura ya mtaa mzima kwa 1:100, na mlango au komeo kwa 1:20, au hata kwa ukubwa wake halisi ikiwa ufundi wake unastahili. Ukimaliza, jengo limekueleza mambo ambayo mwenye nyumba mwenyewe hayajui: kwamba ukuta huu wa mawe ni wa mwanzo na ule wa matofali uliongezwa baadaye, kwamba ngazi ilikuwa upande wa pili, kwamba dirisha hili lilikuwa mlango.

Nitaeleza nyumba moja tu, ingawa ninazo nyingi moyoni. Ilikuwa nyumba ya duka ya ghorofa moja katikati ya mji, ya aina iliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya India: baraza mbele, duka chini, familia juu, na nyuma ua wenye jiko, kisima na godauni ya kuhifadhia pamba. Niliipima kwa siku 5. Siku ya nne, ndani ya godauni, niliinua taa nikaona ukuta mzima wa upande wa mashariki umejaa hesabu zilizoandikwa kwa mkaa: mistari minne iliyosimama na mmoja ulioikata, safu baada ya safu, kutoka usawa wa goti hadi mahali mkono wa mtu mrefu unapofika. Mzee aliyekuwa akilinda pale, ambaye baba yake alikuwa mchukuzi bandarini, aliniambia kwamba zile zilikuwa robota za pamba, na kwamba wachukuzi waliziandika wenyewe ili karani asiwapunje ujira wao. Nilirudi siku ya tano kwa ajili ya ukuta huo peke yake. Nilichora kila mstari kwa skeli ya 1:20, nikaweka alama mahali ambapo mwandiko ulibadilika, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba watu zaidi ya mmoja walishika mkaa huo. Nyumba hiyo ilibomolewa Jumapili moja, watu wakiwa ibadani. Jumatatu nilikuta uwanja. Leo mahali pekee duniani ambapo hesabu za wachukuzi wale zipo ni kwenye karatasi yangu moja, na karatasi hiyo iko mahali nitakapopaeleza sasa hivi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Michoro. Nilipostaafu nilikabidhi kwa maandishi karatasi 386 za michoro pamoja na madaftari ya vipimo. Zilihesabiwa, nikasaini, nikasainiwa. Niliahidiwa kwamba zitatengenezewa kabati la droo pana, zitanakiliwa na zitafunguliwa kwa wanafunzi na mafundi. Miaka ikapita. Mwaka jana nilimsindikiza mwanafunzi wa usanifu majengo aliyetaka kuona michoro ya maduka ya zamani, nasi tukapelekwa stoo. Tuliikuta imeviringishwa na kusimamishwa wima kwenye pipa, nyuma ya viti vilivyovunjika na matairi mabovu, chini ya bati linalovuja. Karatasi angavu ya kuchorea ikipata unyevu hujikunja na kuvimba, na mistari ya wino hutanuka hadi ukuta wa sentimita 23 ukaonekana kama wa sentimita 50. Mchwa walikuwa wameanza na madaftari. Mwanafunzi yule alinyamaza kimya, nami nilinyamaza pia, kwa kuwa sikuwa na la kumwambia. Niliandika barua ya tatu jioni ileile.

Naomba ieleweke kwamba sidai heshima yangu binafsi. Mchoro si mali ya mchoraji tena baada ya jengo kuanguka. Unakuwa ndilo jengo lenyewe lililobaki. Kati ya karatasi hizo zipo za majengo 40 na zaidi ambayo hayapo tena.

2. Sheria na umri wa mji wetu. Hili ndilo ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote, na nitalikalia kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi wowote kwa umri wake, mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Kwa Kilwa au Bagamoyo mpaka huo unaweza kuwa na maana. Kwa Mwanza maana yake ni kwamba hatuna kitu.

Hebu tuhesabu pamoja. Speke, mpelelezi Mwingereza, aliliona ziwa kutoka upande huu tarehe 3 Agosti 1858, lakini alikuwa mpita njia na hakujenga chochote. Mpelelezi mwingine, Stanley, alifika Kageye, kijiji cha mwambao wetu, tarehe 27 Februari 1875, akaiunganisha mashua yake pale na kuanza kulizunguka ziwa. Kwa mpaka wa 1863, Kageye imechelewa kwa miaka 12. Misheni ya Wamisionari wa Afrika pale Bukumbi ni ya mwaka 1883. Wajerumani walianzisha kituo chao hapa Mwanza mwaka 1892, na Bukoba ng'ambo ya ziwa ilianzishwa miaka miwili kabla yake. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo mabati, chuma na vigae viliweza kuletwa kwa meli mpaka gati letu. Ukiangalia mapaa ya mji unaona tofauti ya kabla na baada. Waingereza waliutwaa mji Julai 1916. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928 na kutuletea stesheni. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunda shirikisho la vyama vyao vya ushirika, wakaanza kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba vilivyokuwa vya wengine. Kila hatua ya historia hiyo iliacha kuta, mapaa na milango yake, na hakuna hata moja iliyo upande wa kulindwa wa mwaka 1863. Sheria hiyohiyo inautambua mlango uliochongwa kwa mtindo wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, hivyo inawezekana mlango ukalindwa na nyumba inayoushikilia ikabomolewa.

Na kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi. Nyumba ya msonge ya Msukuma haikujengwa ili ikae miaka mia. Ilijengwa ili ifumuliwe na kuezekwa upya, na uzima wake ulikuwa katika mikono ya watu waliojua kuchagua fito, kusuka kamba na kupanga nyasi kutoka ukingoni hadi kileleni. Sheria inayouliza jengo lina umri gani haiwezi kamwe kuiona nyumba ya namna hiyo. Nimechora misonge 11 katika maisha yangu, mingine kwa maelekezo ya mzee mmoja aliyekuwa akinikaripia kila nilipokosea idadi ya mizunguko ya fito. Pale Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement na Wasukuma aliofanya nao kazi kuanzia miaka ya 1950 walijenga makumbusho ambamo banda la watemi, yaani watawala wa jadi wa Wasukuma, lina umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na kanisa lake likafuata umbo la nyumba ya jadi. Hilo ni wazo la usanifu lililozaliwa hapahapa. Kwa kipimo cha 1863, limechelewa kwa karibu karne nzima.

Siilaumu sheria peke yake, kwa kuwa imeacha mlango wazi: jengo lolote linaweza kutangazwa likipendekezwa kwa hoja na kwa michoro. Nilipeleka orodha ya majengo 27 pamoja na michoro na maelezo ya kila moja. Lalamiko langu ni kwamba orodha hiyo haijawahi kupelekwa mbele, wala kukataliwa, wala kurudishwa.

3. Vibali vya kubomoa. Mtu anayetaka kujenga anatakiwa alete michoro ya jengo lisilokuwepo bado, imesainiwa na msanifu na mhandisi. Kwa yale niliyoyashuhudia, anayebomoa jengo la miaka 90 hakuulizwa hata mchoro mmoja wa kile anachokiondoa. Tunadai kumbukumbu ya kitu ambacho kitaweza kupimwa wakati wowote, na hatudai kumbukumbu ya kitu ambacho baada ya wiki moja hakitapimika tena.

4. Matengenezo yanayoharibu. Hapa nitasema kwa ufupi kwa kuwa mafundi wananielewa. Ukuta wa mawe au matofali ulioshikanishwa kwa chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea kwenye uso na kukauka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na matofali huanza kusagika kama biskuti. Nimeona majengo ya umma yakifanyiwa hivyo kwa nia njema na kwa fedha nyingi, na baada ya misimu michache ya mvua yakatangazwa kuwa mabovu.

5. Nani mwenye jukumu. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamishiwa kwenye shirika la umma la nyumba. Mengi ya maduka yetu ya zamani yamepitia njia hiyo, mengine yakabaki mikononi mwa familia, mengine yakauzwa zaidi ya mara moja. Anayelipa kodi ya mwezi kwa fremu moja hawezi kubadilisha kenchi za paa zima. Mimi si mwanasheria na sitajitia kulitatua hilo, ila nasema kwamba bila daftari linaloonyesha jengo fulani ni la nani na liko chini ya uangalizi wa nani, kila barua itaendelea kuzunguka kutoka meza moja hadi nyingine.

Waheshimiwa, najua majibu ambayo huwa yanatolewa, kwa kuwa nimeyasikia kwenye korido. Naomba niyajibu kwa heshima.

Inasemwa kwamba haya ni majengo ya wakoloni na kwamba kuyatunza ni kuwatukuza. Nimelitafakari neno hili kwa miaka mingi na silichukulii kwa wepesi, maana katika baadhi ya majengo hayo watu wetu walichapwa viboko na kuhukumiwa. Lakini ninapoupima ukuta wa granaiti wa enzi ya Wajerumani, ninachokiona ni alama za patasi za watu waliopasua miamba hii kwa moto, maji na nyundo, na majina yao hayakuandikwa popote. Jengo likiondoka, anayesahaulika kwanza ni mpasua mawe. Zile hesabu za mkaa ndani ya godauni hazikuandikwa na mwenye godauni. Isitoshe, orodha yangu ina ikulu ya mtemi pale Bukindo, Ukerewe, ina viwanda vya pamba vya ushirika, na ina shule zilizojengwa na wazazi kwa matofali waliyoyachoma wenyewe.

Inasemwa kwamba picha zinatosha, na kwamba siku hizi kila mtu ana simu. Picha inaonyesha uso. Haionyeshi unene wa ukuta, wala kilichomo juu ya dari, wala jinsi boriti ilivyoingia ukutani. Mji wa kale wa Warsaw, nchini Polandi, ulisawazishwa na ardhi katika Vita Kuu ya Pili, na uliweza kujengwa upya kwa kuwa, pamoja na picha za wachoraji wa zamani, ilikuwepo michoro ya vipimo iliyofanywa kabla ya vita na walimu na wanafunzi wa usanifu wa chuo cha ufundi cha mji huo. Mwaka 1980 mji huo uliojengwa upya ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Karibu na kwetu, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kupasua majengo mkoani Kagera. Nilikwenda Bukoba baada yake, nikaona jinsi fundi anavyohangaika kusimamisha upya pembe iliyoanguka asijue ilikuwaje. Alikuwa na picha kwenye simu yake, na haikumsaidia.

Inasemwa kwamba hata yanayolindwa huanguka, na mfano unaotolewa ni Beit-el-Ajaib, Jumba la Maajabu la Zanzibar, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, ilhali Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985 na umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Ni kweli, na ni msiba. Lakini ikiwa jengo lenye mamlaka na jina la kimataifa linaweza kuanguka, yale yasiyo hata na mstari mmoja kwenye daftari yanahitaji kuchorwa haraka zaidi.

Inasemwa kwamba hakuna fedha. Marekani, mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ilianzisha mpango wa kupima na kuchora majengo ya kihistoria ya nchi nzima, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuwapa kazi wasanifu majengo na wachora ramani waliokuwa hawana ajira. Michoro yao imetunzwa katika Maktaba ya Bunge la nchi hiyo na mpango huo unaendelea hadi leo. Sisi tunao wahitimu wa Chuo Kikuu Ardhi na wa vyuo vya ufundi walioko mitaani, wanaojua kutumia kompyuta ninayoiogopa mimi. Nyumba ya duka ya kawaida inapimwa na watu wawili kwa siku 3. Kinachohitajika ni futi kamba, timazi, ngazi, karatasi na chakula cha mchana.

Na inasemwa kwamba nazuia maendeleo. Hili ndilo linaloniuma, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mji huu na ninafurahia kila jambo jema linaloufikia. Nimevuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi nikiwa nimebeba meza ya kuchorea kichwani, nikasubiri kutwa nzima, na sasa ninavuka daraja la kilomita 3 kwa dakika chache nikimshukuru Mungu. Reli ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka naisubiri kama mnavyoisubiri nyinyi. Ninachouliza ni jambo moja: stesheni iliyopokea treni ya kwanza mwaka 1928, na nyumba za wafanyakazi wa reli zinazoizunguka, zitakuwa wapi treni hiyo mpya itakapofika? Niliuliza katika barua ya pili. Mabano ya chuma yanayobeba paa la jukwaa lile nimeyachora mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuridhika na jinsi nilivyoyatendea haki.

Kuhusu majengo yaliyo hatarini kweli, sina ubishi. Ukuta unaoweza kumwangukia mtoto uondolewe. Naomba tu mchoraji atangulie mbele ya greda.

Baada ya kusema hayo, ninachoomba ni mambo manne.

(a) Michoro yote 386 na madaftari yake itolewe stoo ndani ya siku 30 kuanzia leo, ikaushwe, ilazwe mahali pakavu na ipigwe nakala za kompyuta. Nakala moja ibaki mkoani, moja ipelekwe kwenye nyaraka za taifa, na nyingine iwekwe maktaba ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuiomba na kuiona bila barua ya utambulisho.

(b) Orodha ya majengo 27 ijibiwe kwa maandishi, jengo kwa jengo. Lile litakalokubaliwa lipelekwe kwa Waziri kwa ajili ya kutangazwa. Lile litakalokataliwa nielezwe sababu, nami nitaipokea sababu hiyo kama mtu mzima.

(c) Kila kibali cha kubomoa jengo lenye umri wa miaka 60 au zaidi kiambatane na michoro ya vipimo: ramani ya sakafu, sura za pande zote, mkato mmoja (mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima ili ndani yaonekane) na picha, kwa gharama ya anayebomoa, na nakala ikabidhiwe kabla ya kazi kuanza. Hili halihitaji sheria mpya ya Bunge. Wenye mamlaka ya kutoa kibali wanayo pia mamlaka ya kukiwekea masharti.

(d) Ateuliwe afisa mmoja, mwenye jina na meza, ambaye mwananchi anayeona jengo la zamani linaanza kuezuliwa anaweza kumpigia simu, hata ikiwa ni Jumapili.

Kwa upande wangu ninatoa yafuatayo bila malipo: muda wangu, madaftari yaliyobaki nyumbani, na mafunzo kwa vijana wowote mtakaonipa, kwa muda wote ambao macho yangu yataniruhusu kusoma milimita. Daktari wa macho ameniambia muda huo si mrefu, na ndiyo sababu ya haraka inayoonekana katika barua hii.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa 3 asubuhi, nitafika ofisini nikiwa na brashi laini, karatasi za kufyonza maji, turubai safi na vijana wawili wa kunisaidia kubeba. Naomba mtu mwenye ufunguo wa stoo awepo.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchora ramani mstaafu,
Mwanza